Injini ya Mtumba, Boti Gani? Uchambuzi kwa Wavuvi wa Naivasha na Baringo

Anayenunua injini ya boti iliyotumika hununua mambo matatu kwa mpigo mmoja: nguvu, uzito na urefu wa mguu. Boti inayoifaa ni ile inayoyakubali yote matatu. Hata hivyo, katika Ziwa Naivasha na Ziwa Baringo mazungumzo ya ununuzi aghalabu huishia kwenye namba moja tu, ile ya nguvu farasi iliyoandikwa ubavuni mwa kofia ya injini. Mvuvi mmoja huambiwa kwamba chini ya nguvu 40 ni kupoteza pesa. Mwingine huambiwa 15 yatosha kwa kila kazi. Wa tatu huhakikishiwa kwamba mtumbwi wowote hubeba injini yoyote mradi ubao wa nyuma uwe mnene.

Ushauri huu wote una ukweli mahali ulikotoka. Mwingi umetoka Ziwa Victoria, kwa kuwa wavuvi wengi wa Naivasha na mafundi wao wana asili ya huko. Mwingine umetoka pwani, pamoja na injini zenyewe. Mkanganyiko huanza pale ushauri unapopandishwa Bonde la Ufa bila kupimwa upya, kwani hewa ya huku, kina cha maji na mwendo wa kazi ni tofauti. Umezidi kukua tangu maziwa haya yalipoanza kufura takribani mwaka 2010 na kufikia kiwango cha kutisha mwaka 2020. Fuo za kupakulia samaki zilihama, ua na miti ikabaki chini ya maji, na watu ambao awali walitumia kafi wakaanza kutafuta injini.

Maziwa ya kuvulia na mwinuko wake

Bonde la Ufa la kati lina maziwa mengi, lakini uvuvi wa boti una nafasi katika mawili tu kwa kiasi kikubwa. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa na uvuvi humo umekatazwa. Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Yanabaki Naivasha na Baringo, yote mawili ya maji baridi.

Ziwa Naivasha liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Baringo liko chini zaidi, karibu mita 1,000. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Tofauti hizi ndizo zinazoamua injini itatoa nguvu kiasi gani. Injini huchoma petroli kwa hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Naivasha, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na nguvu ya injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hushuka kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kwa hiyo injini ya nguvu 15 hufanya kazi ya 12 hivi, ya 25 hufanya ya 20, na ya 40 hufanya ya 32. Baringo hupoteza kama sehemu moja ya kumi, sawa na Victoria au pungufu kidogo. Ndiyo maana injini iliyotoka Homa Bay haitabadilika sana ikifika Kampi ya Samaki, lakini ikifika ufuo wa Kamere au Karagita mwenyewe ataona imechoka, naye atamlaumu muuzaji bure.

Hasara hiyo haitibiwi na fundi. Kinachotibika ni mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ya kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hupata petroli nyingi mno kwenye hewa nyepesi ya Naivasha. Dalili yake huonekana kwenye plagi: badala ya rangi ya kahawia kavu, ncha hutoka nyeusi, zimelowa na zimefunikwa masizi. Dawa ni jeti kuu ndogo zaidi, kipande cha shaba kisichozidi ukucha. Jambo la kukumbuka ni kwamba injini iliyobadilishwa jeti Naivasha ikiuzwa baadaye kwa mtu wa Mombasa, lazima irudishiwe jeti yake ya kwanza. La sivyo itapata petroli haba, itachemka, na pistoni zitayeyuka. Injini za kisasa zinazopuliza petroli kwa mfumo wa elektroniki hujirekebishia mchanganyiko, ila nazo haziwezi kurudisha hewa isiyokuwepo.

Mguu, uzito na nguvu

Kati ya mambo matatu ya injini, mguu ndio unaosahaulika zaidi na ndio ulio rahisi kupima. Injini nyingi ndogo huja na mguu mfupi unaotoshea ubao wa tezi wenye kimo cha milimita 381, yaani inchi 15, au mguu mrefu wa milimita 508, yaani inchi 20. Ubao wa tezi ni ule wa nyuma unaobeba injini. Kimo chake hupimwa katikati, kuanzia ukingo wa juu hadi chini ya boti. Injini ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na chini ya boti au kushuka kama milimita 25 tu.

Mguu mfupi ukifungwa kwenye tezi ndefu, propela hufyonza hewa, injini hulia bila kusukuma, na tundu la kuvutia maji ya kupoza huweza kutoka nje ya maji wimbi linapopita. Mguu mrefu kwenye tezi fupi hauui injini haraka, ila huzamisha propela inchi tano zaidi ya inavyotakiwa. Katika ziwa lenye gugu maji, mizizi ya mafunjo na waya za ua uliozama, inchi tano si kidogo. Kosa hili la pili hurekebishika: fundi huongeza kimo cha tezi kwa kipande cha mbao ngumu kilichofungwa kwa bolti. Kosa la kwanza hurekebishwa kwa kukata pengo kwenye tezi, na hapo ndipo hatari huingia, kwa maana pengo hilo ni mlango wa mawimbi yanayotoka nyuma. Anayekata pengo bila kujenga kizuizi cha maji ndani yake anaandaa boti ya kuzama mvuvi atakaporudi ufuoni huku upepo ukimsukuma.

Uzito nao una hesabu yake. Injini ya mipigo miwili ya nguvu 15 huwa na takribani kilo 36, ya 25 hukaribia kilo 50, na ya 40 huzidi kilo 70. Za mipigo minne za nguvu ileile huwa nzito zaidi. Uzito huo haukai peke yake: yuko nahodha ameshika mpini, na lipo tangi la petroli miguuni pake. Ukijumlisha, hata injini ndogo ya 15 huweka zaidi ya kilo 120 kwenye ncha ya nyuma. Injini ya 40 huweka uzito unaokaribia magunia mawili ya mahindi. Kabla ya kununua injini, mnunuzi anaweza kupima kwa njia rahisi: alijaze mchanga gunia hadi lifikie uzito wa injini, aliegemeze kwenye tezi, amkalishe mtu nyuma, kisha atazame maji yamebakiza kiasi gani kufikia ukingo. Ikiwa yamebakiza chini ya upana wa viganja viwili kabla nyavu na samaki hazijapakiwa, boti hiyo haifai kwa injini hiyo.

Kuhusu nguvu, kipo kipimo cha nje kinachosaidia. Kanuni za usalama za Marekani kwa boti fupi kuliko futi 20 huzidisha urefu wa boti kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Jibu likizidi 52, na boti ikiwa inaendeshwa kwa mpini, basi kwa boti yenye chini bapa huchukuliwa nusu ya jibu na kutolewa 15. Kwa boti ya umbo jingine huchukuliwa sehemu nane za kumi na kutolewa 25. Boti ya futi 19 yenye tezi ya futi 3 na nusu hutoa 66 na ushei: bapa hupewa kikomo cha nguvu 18, isiyo bapa 28. Kipimo hiki hakikutungwa kwa ajili ya mitumbwi myembamba, hivyo kichukuliwe kuwa dari, na mwenye mtumbwi mwembamba abaki chini yake. Tena hesabu hufanywa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye injini, kwa sababu mwinuko hupunguza msukumo lakini haupunguzi kilo hata moja.

Rai ya nguvu nyingi

Wanaotetea injini kubwa, na kwa hiyo boti pana ya faiba, wana hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza ni upepo. Asubuhi Naivasha hutulia, lakini mchana upepo huvuma, na kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, mawimbi yake huwa mafupi na ya wima. Mvuvi mwenye kasi huwahi kurudi. Hoja ya pili ni soko: samaki anayefika mapema ufuoni humkuta mnunuzi angali hapo. Ya tatu, inayosemwa kwa sauti ya chini, ni viboko. Watu wameuawa na viboko katika maziwa yote mawili, na hakuna haja ya kumcheka anayetaka injini ya kumkimbiza.

Udhaifu wa rai hii umo katika hesabu ya kuteleza. Boti huacha kukata maji na kuanza kuteleza juu yake pale inapopata nguvu ya kutosha kwa uzito wake, na kwa makadirio ya kawaida ni nguvu farasi moja kwa kila kilo 20 hivi. Boti ya faiba yenye watu watatu, nyavu, petroli, injini na samaki hufikia kilo 700 bila shida. Inahitaji nguvu 35 halisi. Injini ya 40 iliyokuwa ikiitelezesha kwa urahisi Mombasa hutoa 32 tu Naivasha. Matokeo yake ni boti inayoinua omo, kukalia tezi na kusukuma kilima cha maji mbele yake. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote: mwendo ni mdogo, nahodha haoni mbele, na petroli inaisha. Injini ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hunywa kati ya lita 0.4 na 0.5 kwa saa kwa kila nguvu farasi. Kwa injini ya 40 hiyo ni lita 16 hadi 20 kwa saa. Bei ya petroli hutangazwa na mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Bei ya samaki ufuoni haina tangazo la kuifuata.

Hoja ya viboko nayo yahitaji kupimwa bila woga na bila kiburi. Viboko hukaa kwenye maji mafupi karibu na mafunjo, mahali ambapo gugu maji haliruhusu injini yoyote kufunguliwa yote. Kinachomlinda mvuvi pale ni kupita mbali, kutosafiri gizani kandokando ya mafunjo, na kuwa na boti pana isiyopinduka inapoguswa ubavuni. Gia ya kurudi nyuma inayofanya kazi ina faida kubwa kuliko nguvu 25 za ziada. Ipo miguu ya injini za mtumba isiyorudi nyuma kabisa kwa sababu meno ya gia yamelika, na mnunuzi hagundui mpaka siku anapoihitaji.

Rai ya mtumbwi mrefu

Upande wa pili husimama watetezi wa mtumbwi wa mbao wa Sese, uliopewa jina la visiwa vya Ssese nchini Uganda na kuenea Ziwa Victoria lote. Wavuvi waliokuja Naivasha walikuja na maarifa yake. Upo wenye ncha mbele na nyuma, na upo uliokatwa nyuma ili kupata ubao wa tezi. Huu wa pili ndio unaohusika hapa.

Nguvu ya rai hii ni urefu. Boti inayokata maji ina mwendo wake wa juu unaotegemea urefu wa sehemu iliyo majini: mzizi wa mraba wa urefu kwa futi, mara 1.34, hutoa mwendo kwa noti. Mtumbwi wenye futi 20 majini hufikia noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa, na kuusukuma hadi hapo kunahitaji kama nguvu 5 kwa kila tani. Mtumbwi wenye jumla ya kilo 700 hutosheka na nguvu 3 na nusu. Injini ya 15 iliyochoshwa na mwinuko hadi 12 bado ina nguvu mara tatu ya hizo. Naivasha ina upana wa takribani kilomita 13 tu, na nyavu hutegwa jioni zikavuliwa asubuhi. Mvuvi wa nyavu hutumia muda mwingi zaidi akivuta kuliko akisafiri, kwa hiyo dakika kumi anazookoa kwa injini kubwa hazina mahali pa kuonekana.

Lakini mtumbwi una udhaifu ambao watetezi wake huupitia harakaharaka. Ni mwembamba, na watu wawili wanapoinamia upande mmoja kuvuta wavu uliojaa samaki, hulala. Tezi yake iliyokatwa ina upana mdogo, hivyo hubonyea chini ya injini na nahodha. Mkuku wake hutokeza chini na kuishia mbele ya propela, ukivuruga maji yanayoifikia. Injini hutetemeka na kupoteza mshiko hata mguu ukiwa wa kimo sahihi. Fundi anayejua kazi huuchonga mkuku na kuupunguza polepole katika futi moja ya mwisho, kisha hupanga kimo cha injini kwa kufuata mkuku huo. Tena tezi ya mtumbwi haikujengwa kwa mtikisiko. Msukumo wa injini huenda moja kwa moja kwenye misumari, na bila magoti ya mbao yanayoiunganisha tezi na ubavu pamoja na mkuku, kalafati hufunguka katika msimu mmoja.

Swali la mbao halikwepeki. Katazo la kukata miti katika misitu ya umma lililowekwa mwaka 2018 na kuondolewa 2023 lilipandisha bei na kuwaacha mafundi wakitumia mbao changa zisizokauka. Mbao mbichi ikishajengwa hunywea na kuacha nyufa. Faiba haina taabu hiyo, na mkwaruzo wake huzibwa kwa gundi na kitambaa cha nyuzi kwa siku moja. Faida yake kubwa ni kwamba hupokea sponji ya kuelea chini ya viti, ili boti ikijaa maji isizame. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hubaki ukielea kidogo, lakini ukiwa na injini nyuma huzama kwa tezi, na watu hukosa cha kushika. Yeyote anayefunga injini kwenye mbao na aweke madumu matupu yaliyozibwa vizuri chini ya mbao za kukalia. Gharama yake ni ndogo mno kuiacha.

Boti bapa, na kafi

Kati ya rai hizo mbili kuna boti bapa fupi ya mbao, ya futi 14 hadi 16, ambayo fundi wa kawaida wa samani anaweza kuijenga. Husimama imara wavu unapovutwa na hupita juu ya magugu. Kwenye wimbi fupi la alasiri hupiga maji kwa kishindo na kulowesha kila kitu. Kwa injini ya nguvu 8 au 10, na kwa mvuvi asiyeondoka kwenye ghuba yake, ni chaguo la heshima.

Kafi nayo haijafa. Wavuvi wa Il Chamus wa Baringo wana chombo chepesi cha vigogo vya mti mwepesi vilivyofungwa pamoja, na hakuna injini inayoweza kukaa juu yake. Mvuvi ambaye nyavu zake ziko karibu na ufuo hana sababu ya kubeba mzigo wa petroli. Sababu inayotosha kununua injini ni umbali au upepo.

Kuikagua injini kabla ya kuipimia boti

Boti nzuri haiokoi injini mbovu, hivyo ukaguzi hutangulia. Injini ya pwani huja na chumvi ndani ya mifereji ya kupozea. Ile ya Victoria au Baringo huja na mchanga uliokula pangaboi la pampu ya maji. Katika hali zote mbili kipimo ni kilekile: injini iwashwe ndani ya pipa la maji kwa robo saa, na uzi wa maji unaotoka nyuma uwe na nguvu, wa vuguvugu usiounguza mkono.

Mgandamizo wa silinda una mtego wake huku juu. Geji iliyosoma psi 110 usawa wa bahari itasoma karibu 88 kwenye mwinuko wa Naivasha hata kama injini ni ileile na nzima. Mnunuzi asiyejua hukataa injini nzuri, na fundi asiye mwaminifu hutumia jambo hilohilo kutetea mbovu. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10 hadi 15, ringi au pistoni zina kasoro. Kisha parafujo ya oili ya gia ilegezwe. Oili iliyogeuka kama maziwa ina maana maji yameingia kwenye mguu. Oili inayochanganywa na petroli nayo iulizwe kwa aina ya injini. Nyingi hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli, lakini za zamani zaidi hutaka nyingi kuliko hiyo.

Namba ya injini isomeke na ilingane na risiti. Wizi wa injini za boti ni tatizo la siku nyingi Ziwa Victoria, na bei ya chini kupita kiasi ina maelezo yake. Makubaliano yaandikwe mbele ya viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ambao kwa kawaida hufahamu boti na injini za ufuo wao.

Propela ndiyo mapatano ya mwisho kati ya injini na boti. Injini nyingi ndogo za mipigo miwili hutakiwa kufikia mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika zikifunguliwa yote na boti ikiwa na mzigo. Mwinuko huzifanya zishindwe kufika hapo kwa propela ya pwani, hivyo huzidiwa na kujaa masizi. Kupunguza mlalo wa propela, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Naivasha, inchi moja hadi mbili pungufu ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa mtumbwi wa mwendo wa pole hata zaidi.

Sheria

Chombo cha kuvulia chapaswa kusajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, na usalama wa vyombo vidogo uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Naivasha ina sharti la ziada linalopaswa kutangulia fedha: tangu uvuvi ulipofungwa kwa muda mwaka 2001 kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, idadi ya boti zenye leseni imekuwa ikiwekewa kikomo. Kuna watu wamejikuta na injini na boti, lakini hawana ruhusa ya kutega wavu. Jaketi za kuokolea ni za lazima kwa kila aliyemo, si kwa nahodha pekee.

Uamuzi

Kwa mvuvi wa nyavu wa Naivasha aliyepata injini ya mipigo miwili ya nguvu 15 yenye mguu mfupi, mtumbwi wa Sese uliokatwa tezi, wa futi 20 hivi, wenye tezi ya upana wa futi 3 au zaidi iliyokazwa kwa magoti, ndio unaomlipa. Apunguze jeti na mlalo wa propela, aweke madumu ya kuelea, na asiifungue injini kupita robo tatu, kwa sababu baada ya hapo ananunua mawimbi.

Aliyepata injini ya 25 yuko mahali pagumu zaidi. Kwenye mtumbwi imezidi, na Naivasha haitatelezesha boti ya faiba iliyojaa. Inafaa boti ya faiba nyepesi ya futi 16 au 17 yenye watu wawili, au inafaa Baringo. Huko hewa ni nzito zaidi, na upana wa faiba una maana kubwa kuliko Naivasha, kwa kuwa aliyepinduka Baringo ana mamba pia wa kuogopa. Huko mguu usizidi kimo cha tezi, maana visiki vya migunga iliyozama havionekani ndani ya maji yenye udongo.

Injini ya 40 isifungwe kwenye mtumbwi wa uvuvi katika maziwa haya. Hakuna tezi iliyokazwa vya kutosha kuibadilisha hesabu ya kilo zake, na hakuna samaki wa Naivasha anayelipa lita 18 kwa saa. Mwenye nayo na aiuze kwa wenye boti kubwa za watalii, au aibadilishe kwa ya 15 na fedha inayobaki anunue mbao kavu.

Ambaye bado hajanunua chochote na ampe fundi wa boti kazi kabla ya muuzaji wa injini. Apime kimo cha tezi katikati na upana wake, aviandike, na aende sokoni na futi kamba mfukoni. Injini isiyolingana na vipimo hivyo aiache hata ikiwa nusu bei.